Baiskeli Isiyo na Mnyororo

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Shule niliacha mwaka wa nne, nikaanza na bido moja, yaani dumu, ya mawese kichwani, na leo nina mashamba mawili ya michikichi na nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Rumonge. Nimekimbia vita, nimekaa kambini Tanzania, nimerudi, nimejijenga kwa mikono hii. Ni nini tena cha kunishtua? Basi soma, maana hii ilinipata mimi mwenyewe, mchana, jua kichwani, na sikuwa nimeonja hata bia moja.

Ni wakati huu huu wa kukosa esansi, petroli haipatikani. Pikipiki yangu imelala, nikasema sawa, narudi kwenye baiskeli. Nikanunua moja nzuri ya matairi mapana, niende nayo kwenye lami ya ziwani mpaka Nyanza-Lac, na tena nipande nayo njia ya vumbi kule milimani, ambako Mama Spesi, mwenye mgahawa, hununua mawese yangu. Alikuwa amenionya: mafuta yasipofika Alhamisi, anachukua kwa mtu mwingine, na harudi kwangu tena.

Baiskeli ilikuwa haina pedaliye, yaani ile mikono ya pedali pamoja na sahani ya meno inayovuta mnyororo. Fundi Musafiri, Mkongomani wa pale sokoni, mdomo wake haufungwi, akaniwekea mbili mezani.

"Patron, hii ya sahani moja kubwa ni ya lami. Hii ya sahani mbili, kubwa na ndogo, ni ya lami na ya mulima. Weye unaenda kote. Chukua ya mbili."

"Hiyo ndogo ni ya watoto," nikamwambia. "Unaona miguu hii?"

"Naiona, patron. Naona na tumbo yenye inaikalia."

Soko likacheka. Kwa hasira nikachukua ile moja kubwa.

Sasa sikiliza. Zamani mlima ule haukuwa shida. Unangoja kamio, lori la mizigo, unashika nyuma kwa mkono mmoja, inakuvuta mpaka juu. Lakini bila esansi, kamio zitoke wapi? Alhamisi nikapanda na bido mbili. Hata nusu ya mlima sijafika, magoti yakakataa. Nikashuka, nikawa nasukuma, jasho linaniingia machoni.

Ndipo mtu akanifikia kutoka nyuma, juu ya baiskeli kuukuu. Amekaa vizuri, anapanda pole pole, anaimba puani, na amebeba bido nne. Nne! Wewe ungeangalia nini? Mimi niliangalia pedaliye yake, nijue amechagua ipi.

Hakukuwa na mnyororo.

Nikafuta jasho, nikaangalia tena. Miguu inazunguka, gurudumu linazunguka, katikati hewa tupu.

"Amahoro, mukubwa," nikasema.

"Amahoro. Iko nzito?"

"Iko nzito. Lakini mnyororo yako iko wapi?"

"Ulikatika hapa hapa, nikiwa nimeshika kamio," akajibu, kama mtu anayesema mvua ilinyesha jana. "Tangu siku ile sijaona sababu ya kununua mwingine."

Niamini, nywele zilisimama. Mwenye akili angeitupa baiskeli na kukimbia. Lakini mimi nilimfikiria Mama Spesi, na zaidi ya hapo, sikufichi, nilitaka kujua inawezekanaje. Nikamuuliza sahani yake ina meno mangapi.

Akacheka. "Shika nyuma, utajua."

Nikapanda tena baiskeli yangu, nikashika, mkono wa kushoto, kwenye keria yake, vile vile kama kamio. Chuma kilikuwa baridi kama samaki wa barafu. Na tukapanda! Sikukanyaga pedali hata mara moja. Njia yote nilikodoa macho pale chini, natafuta ujanja, sikuona kitu ila mawe yanapita. Nyumba za juu zilipoanza kuonekana akasema, "Achilia. Mimi narudi kuanza upya." Nikaachilia. Nikageuka kumshukuru, murakoze ikanibaki mdomoni. Njia ilikuwa tupu.

Mama Spesi alifurahi kuniona. Akafungua bido, akachungulia, akanitazama.

"Baba, ni nini hii umeniletea?"

Mawese yalikuwa meupe. Meupe na magumu kama mshumaa, kwa jua lile! Akachoma kisu, kisu kikasimama. Majirani wakafanya ishara ya msalaba, bido zote mbili zikatupwa shimoni. "Leta mafuta ya watu," akaniambia. "Nakupa mpaka Jumatatu."

Nikamrudia Musafiri, nikamweleza yote, nikijua atanicheka soko zima lisikie. Hakucheka. Aliuliza tu, "Patron, ulishika na mukono gani?"

"Wa kushoto."

"Shukuru Imana. Kuna moja alishika na wa kuume. Leo muke yake ndiye anamufunga shati."

Akanifungia ile ya sahani mbili. Jumatatu nikapanda kwa ndogo, mnyororo unalia kri-kri chini yangu, na hakuna muziki ulionipendeza kama ule. Mama Spesi akanunua, na ananunua mpaka sasa. Lakini mkono wangu wa kushoto, kila jua likifika katikati, vidole vinajikunja vyenyewe kama vimeshika kitu, havifunguki mpaka jua lianze kuinama. Daktari ameuangalia, padri ameuombea. Bado.

Basi wewe unayepanda milima yetu, ukiona mtu anakupita kirahisi, angalia kwanza mnyororo wake ndipo unyooshe mkono. Kuvutwa kule kwa bure, nikijumlisha mawese ya shimoni, pedaliye ya pili, daktari na misa, kumenigharimu faranga laki sita, elfu arobaini na tatu na mia tano.