Plau ya Nati Nne

Mimi ni fundi wa kuchomelea pale Bariadi, na mwaka ule kiburi changu chote kilikuwa kwenye plau ya mama. Plau za kwetu, lile bapa la chuma linalopasua udongo likikatika, hubebwa nzima hadi mjini kwa fundi, huku ng'ombe wakibaki wanacheua na mvua inapita. Mimi nikaunda plau ambayo bapa lake limeshikwa kwa nati nne tu. Likikatika unafungua, unaweka jingine, unaendelea kulima. Nikampelekea mama kule Mwamapalala, pamoja na bapa la akiba na spana, nikarudi kazini nikipiga mluzi.

Mvua za kwanza zikanyesha, simu ikaja: bapa limegonga jiwe, limekatika, njoo. Nikamwambia abadilishe. Akasema nati hazifunguki. Majirani walishaanza kulima, na udongo wetu mweusi ukikauka haumsubiri mtu, pamba ya mama ingechelewa tena. Nikawasha pikipiki, nikalalamika njia nzima.

Kufika, sikuamini macho yangu. Nati zote nne zilikuwa zimechomelewa. Mama alimwita fundi mmoja aliyepita kijijini na jenereta, akampa jogoo, fundi akazichomelea moja kwa moja. Nilifoka, nikamuuliza amerogwa na nani. Yeye anasonga ugali wake, hana habari.

"Ile ya zamani ilikuwa ikivunjika, unakuja kuichukua," alisema. "Kwa hii ningekuona lini, ng'wanone, mwanangu?"

Hasira ikayeyuka palepale. Nilicheka hadi nikakaa chini, naye akacheka hadi mwiko ukamtoka mkononi. Nilizikata zile nati kwa msumeno wa chuma, nikatoa mpya kwenye begi, nikamkabidhi spana. Bapa la akiba alilifunga mwenyewe, ugali haujapoa, akapiga kigelegele kilichowashtua ng'ombe. Tukalima hadi jioni. Mimi nilipewa kazi ya kuswaga tu, kwa kuwa plau nikiishika mimi, alisema, mistari inakwenda kama nyoka. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ya mtoto aliyeruhusiwa kucheza matopeni.

Wakati wa kuondoka alinisindikiza hadi kwenye pikipiki, akafungua begi langu, akatumbukiza spana.

"Nenda nayo," alisema. "Bapa nitabadilisha mwenyewe. Wewe utaniletea spana."