Dawa ya Kifua

Juzi, katika duka moja la Butembo, niliona pakiti ya kahawa iliyochanganywa na tangawizi. Juu yake wameandika kwamba inaupa mwili nguvu na kulinda kifua. Nikainusa palepale, na harufu ikanirudisha Beni, nyumbani kwetu mtaa wa Beu, alasiri moja ya utotoni.

Mama alikuwa akitwanga kahawa na tangawizi kwa haraka, akisimamisha mchi kila mbwa wa jirani alipobweka. Barabarani watu walipita na magodoro kichwani, bila kusalimiana. Baba alikaa mlangoni, redio sikioni.

"Mama, hiyo ni ya nini?"

"Ni dawa ya kifua ya papa," akasema, akimtazama baba.

"Mais papa haiko na kikohozi," nikapinga.

Mchi ukanyamaza. "Kitamukamata usiku," akasema.

Nikaanza kukohoa kwa makusudi ili nami nionjeshwe. Mama hakucheka. Alijaza termosi kahawa ile mpaka juu, akanipa maziwa, kisha akanivalisha viatu na kukaza kamba hata vidole vikauma.

"Kunywa, ulale navyo."

Nililia. Nilidhani hanipendi, ndiyo maana ananinyima dawa.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba wazazi wangu waliinywa kahawa ile wasije wakasinzia, wawasikie wauaji waliokuwa wakivamia nyumba usiku, kabla hawajafika mlangoni. Mimi nililala fofofo, na viatu vyangu miguuni, hadi asubuhi. Dawa ilikuwa yangu. Wao waliinywa tu.