Pumzi ya Ngazini

Fundi wa sauti alianza kazi ukumbini saa nne asubuhi. Spika mbili kubwa alizisimamisha kando ya pazia la kuonyeshea filamu, ya tatu akaiweka nyuma ya viti vya mwisho, kisha akazibana nyaya sakafuni kwa utepe ili watu wasijikwae gizani. Alikaa safu moja, akasikiliza, akahamia nyingine. Alikuwa na miaka sitini na tisa na macho yalikuwa yameanza kumtania, lakini masikio yalikuwa yale yale.

Alipokuwa safu ya sita, mwenyekiti wa klabu alimjia akisugua viganja kwa furaha. Mwenyekiti alikuwa daktari wa meno, mtu mzima mwenye heshima zake, ila ikitajwa filamu ya Ngazi aligeuka mtoto. Alisema kulikuwa na jambo walilotaka kumshtukizia mzee wao, lakini yeye tumbo lake halikai na neno. Walikuwa wamempata mtu mwingine aliyefanya kazi kwenye filamu ile: yule mama aliyesafisha nyumba wakati wa kupiga picha. Angekuja na binti yake, na wangemkalisha safu ya mbele kabisa.

Fundi akasema ni jambo zuri. Kisha akainama, akabana upya utepe uliokuwa umekwisha bana.

Filamu yenyewe ilikuwa na miaka thelathini na minane, na wapenzi wake hawakuwa wengi, lakini waliipenda kwa dhati. Mjane kijana anakuja kumuuguza baba mkwe wake katika nyumba ya ghorofa. Mzee amemkataza kupanda ngazi ya juu baada ya chakula cha mchana, wala hamwambii kwa nini. Mzimu hauonekani hata mara moja. Pazia linatikisika katika chumba ambacho madirisha yake yamefungwa. Kiti kilichoelekezwa ukutani kinakutwa kimeelekea mlangoni. Hata giza hamna. Mambo yote yanatokea mchana kweupe, jua limelala sakafuni, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, maana mtazamaji hana pa kusingizia.

Halafu inakuja pumzi. Mjane anasimama chini ya ngazi, kamera inatazama juu, ngazi tupu, na huko juu kitu kinahema. Kinavuta hewa kama mtu anayevuta kamba ndefu kisimani, kinakwama, kinavuta tena. Kamera haisogei. Mwalimu wa hesabu, mwanachama wa siku nyingi, aliipima kwa saa yake ya mkononi: sekunde hamsini na mbili. Wageni wa klabu walionywa mapema. "Ikifika pale, shika kiti," karani wa mahakama alizoea kuwaambia, "usije ukashika mkono wa mke wa mtu."

Kila mwaka, filamu ikiisha, walimuuliza fundi swali lile lile: pumzi ile aliitengenezaje? Naye kwa miaka thelathini na minane alijibu vile vile: pampu ya baiskeli na kiroba kilicholowa maji. Karani alijaribu nyumbani kwake. Ilitoka sauti ya mbuzi mwenye mafua, na mkewe akamuuliza kama amechanganyikiwa. Walicheka sana kwa hilo, wakazidi kumheshimu fundi, kwa kuona kwamba kiroba ni kile kile ila mkono ndio tofauti.

Hapakuwa na pampu wala kiroba.

Siku ile, wenzake wote walikuwa wamekwenda kula. Yeye alibaki ghorofani kurekodi kimya cha nyumba, kama mafundi wa sauti wanavyofanya kila mahali, kwa kuwa kila chumba kina kimya chake na filamu haiwezi kuungwa bila hicho. Maikrofoni ilikuwa ngazini. Yeye alikuwa chumbani na mashine ya kurekodi, mlango umefungwa, vipokea sauti vya masikioni amevaa. Msafishaji hakuambiwa. Alipanda na ndoo ya maji, na vumbi la plasta iliyokwanguliwa asubuhi likamwamshia pumu.

Pumzi ya kwanza, fundi hakujua ni nini. Ya pili alijua. Alijua ni mtu, alijua ni nani, na alijua kwamba mtu huyo hapati hewa. Mlango ulikuwa hatua nne kutoka alipokaa. Mkono wake uliinuka, na badala ya kwenda mlangoni ukaenda kwenye mashine, ukaongeza sauti kidogo ili sindano ya kipimo cha sauti isizame.

Baadaye ndipo alipofungua. Alimbeba mgongoni hadi chini, akakimbia naye hadi zahanati, na madaktari wakasema angechelewa kidogo tu angekuwa maiti. Na mwongozaji wa filamu, aliposikia utepe wa sauti akauliza mfanyakazi wake ameyapata wapi maajabu haya, jibu la pampu lilitoka lenyewe.

Huenda ingekuwa rahisi kama mama yule angetoweka maishani mwake. Hakutoweka. Alimtafuta ili ashukuru, akaja na mume na watoto, na tangu hapo akamwita kaka. Watoto walikua wakimwita mjomba, na binti alipoolewa fundi ndiye aliyesimama upande wa wajomba, akatoa nasaha juu ya uaminifu, watu wakaitikia. Kila alipofika mgeni nyumbani, mama alimsimulia: sikuwahi hata kuita, kaka akatokea. Fundi alikuwa akitazama chini, na wageni wakasema ona alivyo mnyenyekevu. Aliwafanyia watoto wake fadhila nyingi, nyingine kubwa. Lakini fadhila haisemi ukweli kwa niaba ya mtu, na yeye alilijua hilo tangu mwanzo. Filamu yenyewe mama hakuwahi kuiona. Alisema mambo ya wafu si ya kuchezea.

Kumbe sasa amekubali kuja. Walifika saa nane na nusu, mama amevaa gauni jipya la kijani, binti kamshika mkono. Fundi alimvuta kando, akamwambia filamu ile si ya watu wa presha.

"Nimezika waume wawili, kaka," mama akasema, "niogope pazia?" Akacheka. "Wamenibembeleza hawa. Wanasema wanataka kuniona mimi. Mimi, wa ndoo."

Saa tisa kamili taa zilizimwa. Fundi alikuwa nyuma ya ukumbi, kwenye meza ya sauti, kidole juu ya kitufe. Hesabu ilikuwa wazi. Pumzi ingefika dakika ya sitini na moja. Akipunguza sauti, watu themanini waliokuja kwa ajili ya sekunde hizo wangedhani spika imeharibika, na mama angerudi nyumbani salama na kaka yake. Asipopunguza, mama ataisikia. Mtu aliyeishi na pumu tangu utotoni anaijua pumzi yake kama anavyolijua jina lake.

Ukumbi ulikuwa umetulia kabisa. Muuguzi wa safu ya tatu alijifunika mdomo kabla hata ya pazia kutikisika, kwa kuwa alijua litatikisika. Mshona nguo mmoja alikuwa akitamka maneno ya mjane bila sauti, neno kwa neno. Kiti kilipogeuka, watu themanini walishusha pumzi pamoja, nusu hofu, nusu raha, na fundi, pamoja na yote, alijisikia fahari. Walikuwa wakipenda kitu kizuri. Hawakujua kimetoka wapi, na kutojua huko hakukuwa kosa lao.

Dakika ya hamsini na tisa aliondoa kidole. Alishuka akiambaa ukuta, akainama, akakaa kiti kilichokuwa wazi kando ya mama. Kwenye pazia mjane alikuwa akiosha vyombo.

"Dada," alinong'ona. "Kuna pumzi itasikika sasa hivi pale ngazini. Ni yako."

"Yangu vipi?"

"Siku ile. Mashine ilikuwa inazunguka."

Mjane alikausha mikono, akaja hadi chini ya ngazi, akatazama juu.

Fundi hakutazama pazia. Alimtazama mama, na akaona mkono wake ukipanda kifuani kwenye pumzi ya kwanza, ukabaki hapo. Kwenye pumzi ya tatu kifua cha mama kilianza kufuata, kikavuta pale sauti ilipovuta, kikakwama pale ilipokwama, na fundi akanyanyuka nusu akidhani amemuua. Binti aligeuka. Mama akamwashiria akae. Nyuma yao mtu aliguna kwa woga, mwenzake akamnyamazisha. Kisha mlango ukagongwa ndani ya filamu, pumzi ikakatika, na ukumbi wote ukajinyoosha vitini.

"Ulikuwa umevaa vile vya masikioni?" mama aliuliza, macho bado mbele.

"Nilikuwa nimevaa."

"Mlango ulikuwa mbali?"

"Hatua nne."

Filamu iliendelea. Mzee alikuwa akimfokea mjane. Mama alisubiri mpaka kelele ile ikaisha.

"Na hiyo tuliyoisikia, ndiyo yote?"

Hapa angeweza kuokoa kitu. Hakuna mtu duniani aliyeusikia utepe mzima isipokuwa yeye, na utepe wenyewe aliuchoma moto zamani.

"Si yote," alisema. "Nyingine niliikata. Yote pamoja ilikuwa karibu dakika mbili."

Mama alikaa wima mpaka mwisho, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

Taa zilipowaka watu walisimama wakapiga makofi kwa muda mrefu. Mwenyekiti aliwaita wote wawili mbele. Mama alikataa kwa kichwa, akabaki kitini. Fundi alikwenda. Kabla swali halijaulizwa, karani alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake kwamba safari hii amekuja na kiroba, tayari kufundishwa, na watu wakacheka.

Fundi aliwaacha wamalize. Akawaambia hakuna kiroba. Akaeleza mambo yote kwa mfuatano, ngazi, ndoo, plasta, mlango, mkono uliokwenda kwenye mashine, na zile dakika mbili, na hakujiombea lolote. Habari ya kumbeba mama hadi zahanati aliiruka, kwa kuona si mahali pake.

Mwalimu wa hesabu alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha kijana mmoja wa kike, mwanachama mpya, akasema polepole, kama mtu anayefikiri kwa sauti, kwamba kwa hiyo ile pumzi ni ya kweli, ndiyo maana hakuna filamu nyingine inayoifikia. Hakusema kwa ubaya. Watu wawili watatu waliitikia kwa kichwa kabla ya kujizuia.

Mama aligeuka kitini, akamtafuta msemaji kwa macho.

"Ni ya kweli, mwanangu," alisema. "Nilikuwa na mtoto wa miezi mitano nyumbani. Pale juu nilikuwa nawaza nani atamnyonyesha. Mkiitazama tena, mjue na hilo."

Mwenyekiti alishika karatasi ya ratiba, akaiangalia, akaikunja. Shughuli iliishia hapo, bila hotuba, na watu wakatoka wakizungumza chini chini kama watu wanaotoka msibani.

Fundi alimfuata mama hadi nje. Jua bado lilikuwa kali. Binti, aliyekuwa na umri wa miezi mitano siku ile, alikuwa amekwisha fungua gari na kushikilia mlango wa mbele, na uso wake haukujua ukae vipi.

"Kunibeba ulinibeba," mama alimwambia fundi. "Hilo sitalifuta, na watoto hawatalifuta. Na leo ungeweza kunyamaza, nimeliona. Lakini kaka, usiniite dada tena. Nami nitajitahidi ulimi wangu uzoee."

"Sawa," alisema fundi.

"Mjomba haji?" binti aliuliza. Alikuwa akimuuliza mama, lakini alikuwa akimtazama yeye.

"Ana spika zake za kufungua," mama alisema, akaingia mbele, akauvuta mlango mwenyewe.