Koti la Kupimia

Juzi jirani yetu hapa Al-Nuzha, Jeddah, alifungua sanduku la makoti ya baridi, harufu ya nafthalini, ile dawa ya nondo, ikanipanda puani. Wanakwenda Japani, kwenye bonde moja la milimani, kuteleza kwenye theluji. Akanionesha picha kwenye simu, bonde lote jeupe. Nikasema mashaallah, nikaendelea na kahawa yangu. Lakini mwenzenu kwa mawazo nilikuwa nishafika Riyadh, kwa shangazi Zuwena.

Nilikuwa na miaka kumi. Shangazi, dada yake baba, aliolewa na mwenye pesa, akakaa Al-Suwaidi kwenye nyumba ya ghorofa. Bibi, mama yake mzazi, aliishi naye, na hilo shangazi alimwambia kila mtu, kama anayeonesha kidani kipya. Siku moja akapiga simu kwetu Jeddah: "Mleteni Rukia tumpimie koti. Tunakwenda Japani."

Kwetu maneno hayo yalitosha. Niliaga skuli nzima. Mwalimu wangu wa Kurani nikamuahidi kumletea theluji kwenye chupa ya chai.

Nilipofika Riyadh, nyumba ile haikuwa na akili. Eisi imewashwa mpaka mwisho, watu wamekaa na makoti wanakula wali, ati wanazoea baridi. Watoto walifundishwa kuteleza kwenye ngazi, juu ya sinia la biriani. Shangazi alitandaza picha za lile bonde, akayasoma majina ya hoteli kwa unyenyekevu ambao sijawahi kumuona nao kwenye msala. Adhana inaita, yeye anauliza kama miwani ya theluji inapatikana ya rangi ya waridi.

Bibi alikuwa chumba cha nyuma. Aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika, hasimami tena.

"Watu wanalipa nauli kwenda kuanguka," aliniambia. "Mimi nimeanguka hapa hapa bure, na hakuna aliyenipiga picha."

Shangazi akanipeleka madukani Al-Dirah. Nikavishwa koti baada ya koti, jasho linanitiririka, mpaka likapatikana la buluu. Tuliporudi, alinivua kwa mikono yake, akalikunja, akalitia kwenye sanduku la Salha, binti yake.

"Na langu, shangazi?"

"Lako la nini? Wewe nimekuita wa kupimia. Mwili wako na wa Salha mmoja, na yeye vumbi la sokoni linamkohoza."

Kweli, kwenye simu alisema tumpimie koti. La nani, hakusema.

"Sasa mimi?"

"Wewe utakaa na bibi yako mpaka turudi. Yalla, kampe maji."

Sikulia mbele yake. Nililia kwa bibi. Bibi akaomba simu, akamwambia baba maneno machache tu: "Njoo unichukue. Mimi na mtoto."

Baba na mama wakaja kwa gari kutoka Jeddah. Wakatandika godoro kiti cha nyuma, baba akamshika bibi mabegani, mama miguuni. Shangazi kasimama mlangoni na soksi zake nene za sufu.

"Wifi, mtamrudisha lini? Watu watasemaje?"

"Halas, wifi, yamekwisha," mama akamjibu. "Nyinyi nendeni mkateleze."

Bibi akakaa nasi kwenye vyumba vyetu viwili. Mama alimuogesha, akamtawadhisha kila sala. Mimi nikanuna msimu ule wote wa baridi. Niliona tumeshindwa: wao wamepata Japani, sisi tumepata beseni.

Waliporudi, shangazi akaja na boksi la biskuti za huko. Bibi akaitikia salamu vizuri kabisa, akauliza safari, akauliza watoto. Kisha akamgeukia mama, mkwe wake.

"Mwanangu, mpe mgeni chai."

Nilicheka kichinichini. Nilidhani uzee umemzidi, kamsahau hata aliyemzaa. Shangazi akainywa ile chai yote, macho kwenye kikombe, akaondoka.

Nilishakuwa mama wa watoto wangu ndipo nikafahamu kuwa bibi alikuwa hajasahau chochote. Siku hizi mama yangu ndiye asiyeona vizuri, na kila nikiingia kwake huniuliza ni nani. Nasema ni mimi, halafu nasimama pale mlangoni, namuomba Mungu, nasubiri aniite mwanangu.