Mkono wa Solange Uliobaki Wazi

Siku yangu ya kwanza kufundisha hesabu, kule Mugunga, niliogopa mpaka chaki ikanivunjikia mkononi. Bwana Inspekta, mkaguzi wa shule, alikaa nyuma ya darasa, ananitazama tu. Nilipoanza kuhesabu wanafunzi, akanikatiza.

"Mama, acha kuhesabu. Kila mutoto na kiti yake. Kiti ikibakia wazi, kuna mutu anakosa!"

Ndivyo seti, yaani vitu vilivyowekwa pamoja, zinavyolinganishwa: kila kimoja unakipa mwenzake. Nikaifanya desturi. Darasa langu lilitoka nje wawili wawili, wameshikana mikono, kila mtoto na mwenzake yule yule mwaka mzima.

Baadaye nilihamishiwa shule moja karibu na kambi ya jeshi ya Katindo. Siku ninayoisimulia, nilikuwa nimeandika ubaoni: moja na mbili, mbili na nne, tatu na sita.

"Angalieni maajabu," nikasema. "Namba shufwa ni sehemu tu ya namba zote, lakini kila namba imepata mwenzake. Seti isiyo na mwisho iko hivyo. Ukitoa moja, zinazobaki bado zinatosha."

Solange, msichana aliyetoka Masisi, mbishi kwelikweli, akauliza: "Na siye, Madame?"

"Ninyi mna mwisho. Akikosekana mmoja, hamlingani tena na viti."

Hapo masasi, yaani risasi, yakalia kambini.

Mungu wangu! Tulikimbilia nyuma ya ukuta, watoto wakatafutana mikono. Solange akabaki ameunyoosha wake, analia. Aline, mwenzake, hayupo. Bwana Prefe, mkuu wetu wa shule, akapiga kelele kutoka getini: "Mama, tuende! Batoto ni bengi, huyo atatufuata!"

"Siendi, Bwana Prefe. Aline ni mumoja tu."

Nikarudi darasani. Aline alikuwa chini ya benchi, ameziba masikio, hasikii nikimwita. Nilimvuta kwa nguvu, tukatoka.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Katoyi, ila woga haujastaafu. Asubuhi nasimama mlangoni nikiangalia mikono ya watoto wanaokwenda shule. Juzi mtoto wa jirani alipita peke yake.

"Mwenzako iko wapi?"

"Balihama, Koko," akajibu, akiniita bibi kama watoto wote wa mtaani.

"Wapi?"

Akainua mabega. Nikafunga mlango, nikamshika mkono, nikampeleka mpaka shuleni. Njiani akaniuliza kwa nini nimemshika kwa nguvu hivyo.