Viraka vya Leso ya Jeptoo

Wanjiru alikuwa fundi, hilo hata wasiompenda hawakulikataa. Mchana alisafisha nyumba za matajiri kule The Pearl, nchini Qatar, jioni akarudi kwenye villa ya kampuni, Umm Salal, akaketi nyuma ya cherehani yake kuukuu. Nguo alizinunua duka la mitumba: mashati, magauni, suruali zilizochakaa magoti. Alizikata viraka, akaviunganisha, chini akatandika kipande cha blanketi, kisha bitana, halafu akapitisha mishono juu ya tabaka zote tatu mpaka mkoba ukavimba vizuri. Wanawake wa The Pearl waliigombania mikoba hiyo. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kitambaa kizuri akakiacha kizima, isipokuwa sweta yake ya kijani aliyofumiwa na shosho, bibi yake.

Kizuri kuliko vyote pale chumbani kilikuwa leso ya Jeptoo, jirani yake wa kitanda. Nyekundu, maua meusi, imepauka pembeni. Marehemu mama yake Jeptoo alimbeba mgongoni kwa leso hiyo, na Jeptoo hakuwa na kitu kingine cha mama yake duniani. Alijifunika nayo kila akilala.

"Wanjiru, hiyo usiitazame hivyo," alimtania. "Hiyo ni mama."

Mwaka 2013 Jeptoo akashikwa na kikohozi. Gari la kampuni likaja kumpeleka hospitali, na chumba kizima kikajua maana yake. Waliochukuliwa hivyo hawakurudi. Walipandishwa ndege moja kwa moja kurudishwa kwao, na vitu vyao vikagawanywa. Ndiyo desturi ya pale, na kama ni ya kikatili, basi hakuna ambaye hakuwahi kufaidika nayo. Faridah, Mganda wa kitanda cha juu, alichukua viatu. Mwingine sufuria, mwingine mto. Wanjiru hakungoja hata kitanda kipoe. Aliivuta leso, makasi tayari mkononi. Mkato wa kwanza ulimchoma moyo kidogo. Wa pili haukumchoma.

Mkoba wa kwanza aliuuza wiki hiyohiyo. Wa pili ulikuwa bado kwenye cherehani, mdomo wazi bila zipu, Jeptoo alipoingia mlangoni, amekonda, anatabasamu.

"Ilikuwa nimonia tu," alisema. "Mbona mnashangaa? Mlidhani nimededi?"

Faridah alivua viatu palepale, akavisukuma kwa mguu. Sufuria ikarudi, bado na mafuta ya mayai. Mto ukarudi. "Pole dada, tulikuwa tunakutunzia." Waongo wakubwa! Kisha wote wakamgeukia Wanjiru kwa macho ya watu wema, maana yeye peke yake hakuwa na cha kurudisha.

Jeptoo aliushika mkoba, akaufuata mshono kwa kidole.

"Leso iliyobaki iko wapi?"

"Kuna mama mmoja wa The Pearl alinunua..."

"Sikuwa nimekufa, Wanjiru."

"Ningejuaje? Watu hawarudi! Na wewe si ulichukua blanketi ya Nyaboke, alipopelekwa yeye?"

Ilikuwa kweli. Nusu ya blanketi hilo Jeptoo alimgawia Wanjiru kwa mikono yake mwenyewe, nalo ndilo lililoujaza mkoba aliokuwa ameushika. Kwa hiyo hakumpiga, wala hakumshtaki. Aliutundika kwenye msumari, mbele ya kitanda cha Wanjiru, na tangu siku hiyo hakumsemesha.

Agosti ikafika, Wanjiru akaanza kukohoa. Asubuhi moja alishindwa kuamka, mwili unamtetemeka kwa homa. Jeptoo akaja akaketi ukingoni mwa kitanda, makasi ya Wanjiru mapajani pake, akaipapasa ile sweta ya kijani.

"Shosho wako anajua kufuma," alisema kwa upole. "Wakikuchukua, hii utaiacha?"

Faridah akaangua kicheko. Wanjiru aliinuka akishikilia ukuta, akaivaa sweta chini ya sare, akatoka kwenda kupanda basi la kazini, katika jua lile la Agosti, meno yakigongana.