Kaunta Iliyokwama Uchochoroni

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu: mafuta ya kitani, unga wa mvule, na jasho la mahamali sita walionikasirikia. Nlikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, nimesoma mpaka darasa la tatu, na nlijiona hakuna fundi Mji Mkongwe mzima anayenifikia. Nakwambia bila ya kupamba, kwa kuwa wewe leo unajiona vivyo hivyo.

Nlikuwa nikifanya kazi kwa Fundi Khatib, karakana yake ikiwa ndani kabisa ya vichochoro. Hoteli moja iliyokuwa ikijengwa Matemwe ilimtaka awafanyie kaunta ya mvule ya kuwekea vinywaji, futi kumi na nne kwa tatu. Vinywaji gani, Fundi hakuuliza. Alisema yeye anatoa mbao, ya kwenye gilasi watajibu wenyewe.

Akaitwa msibani Pemba. Kabla ya kuondoka alinifungulia sanduku la patasi zake, zile ambazo hata kuzigusa nlikuwa naogopa.

"Kaunta ikifika Matemwe Alkhamisi, sanduku hili lako, na wewe ni fundi. Ila nisikilize. Unga vipande viwili, kila kimoja futi saba. Kuviunganisha, tutaviunganisha hukohuko."

"Naam, Fundi," nikasema. Boti yake haijang'oa nanga, mie nshabadilisha shauri.

Mbao zile zilikuwa ndefu, zimenyooka, na kuzikata katikati niliona kama dhambi. Nikazipiga randa pembeni mpaka ukizikutanisha huoni mwanga kati yake. Nikachonga ulimi huku na mfereji kule, nikatia gundi, nikazibana kwa jiliwa siku mbili. Nikapiga msasa wa kukwaruza, halafu ule laini, kisha mafuta, mkono baada ya mkono, kila mmoja nikiungoja ukauke. Wapita njia wakawa wanasimama mlangoni. "Mashaallah, fundi." Mwanangu, sifa ile ilinilevya kuliko chochote kilichokuja kuwekwa juu ya kaunta hiyo.

Alkhamisi asubuhi mahamali wakaitoa. Mlangoni ikapita. Hatua thelathini mbele, kwenye kona ya nyumba ya Bi Mwanaidi, ikagoma, ingawa mbao zilipokuja zilipita hapo mojamoja bila tabu. Tukaisimamisha kwa ubavu, tukainua kichwa, tukarudi nyuma tukaja tena. Ukuta huku, baraza ya mawe kule, na njia yenyewe ni ya mtu na punda wake. Lori lilikuwa likitungoja Darajani.

Bi Mwanaidi, mama mtu mzima aliyekuwa akiishi pale peke yake, akafungua mlango akakuta ubao umemziba.

"Fundi, nami nikitaka kwenda sokoni nipite juu au chini?"

"Shikamoo, Bi Mwanaidi. Nnaomba tuibomoe kidogo ncha ya baraza yako. Ntakujengea."

"Marahaba. Baraza hii kaijenga marehemu baba yangu kwa mikono yake. Bomoa kiburi chako, ndicho kilichoziba njia."

Mahamali wakacheka. Nimesimama na nyundo mkononi, mara Fundi Khatib huyo, mfuko begani, anatoka bandarini. Akaitazama kaunta mwanzo mpaka mwisho, akaipitisha kiganja.

"Imelainika," akasema. "Mbao ulizipima?"

"Nlizipima."

"Na njia?"

Nikaiweka nyundo chini. Hakunitukana, na bora angenitukana. Alimuomba radhi Bi Mwanaidi kwa ajili yangu, kisha akamuomba ruhusa tuilaze kaunta juu ya baraza yake tuikate. Yule mama akaingia ndani, akatoka na mkeka akautandika, mbao zisikwaruzike. Baraza ile ile nliyotaka kuivunja.

Fundi akapiga mstari kwa penseli, akanipa msumeno.

"Kata wewe. Na unyooshe, maana hapa ndipo kila mtu atakapotazama."

Nlikuwa nikikata siku kumi za kazi yangu mwenyewe, na mafuta yake hayajamaliza kunukia. Lakini nlinyoosha.

Alasiri tukafika Matemwe. Tukavibana vipande viwili kwa bolti kutoka chini, na juu ya mstari Fundi akanichorea vipande vitatu vya mpingo, vipana nchani, vyembamba katikati, mfano wa kipepeo aliyetua. Nikavikata, nikavichimbia nafasi zake, nikavigonga vikaingia, nikapiga msasa na mafuta upya. Ukipitisha kidole huhisi kitu. Mwenye hoteli aliuliza tu itakauka lini.

Tulipokuwa tunarudi, Fundi akanipa patasi moja, ile nliyochimbia mpingo. "Hii umeistahiki. Nyingine zina siku zake." Sanduku lilichukua miaka sita kujaa. Patasi ya mwisho alinipa yeye akiwa mgonjwa kitandani, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kuniita fundi mbele ya watu.

Leo nna karakana yangu, sikurithi hata msumari, na najivuna, sifichi. Lakini nikikaa peke yangu namshukuru mzee aliyenipa msumeno badala ya matusi, na mama aliyenitandikia mkeka. Bi Mwanaidi keshatangulia. Baraza yake naipaka chokaa mimi mpaka leo.

Basi sikiliza, mwanangu. Kabla hujaunga kitu, kapite kwa miguu yako njia kitakayopita. Mkubwa akikwambia jambo usilolielewa, muulize, usimuitikie "naam" halafu ukafanya lako kama mimi. Ukikosea, usibomoe cha jirani ili kosa lako lipite. Kata cha kwako, na ukikata, nyoosha.

Mungu akutulize mkono. Na siku utakayokwama, maana utakwama, akuletee mtu wa kukupa msumeno, na jirani wa kukutandikia mkeka. Amin.